Siku Ambayo Shusha Hakushusha Mkono

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu, na kitambulisho chenyewe kilikaa sandukuni chini ya nguo. Mkahawani kila mtu alimwita Shusha, kuanzia meneja hadi wapita njia waliosikia wenzao wakiita, nao wakaita. Jina lilitokana na mkono wake wa kulia. Meza ikizidi kelele, Shusha hakusema kitu. Alikwenda akasimama mahali ambapo wote wangemwona, akanyoosha kiganja kikiangalia chini, akakishusha taratibu mara mbili, kama mama anayemlaza mtoto kwa kumpapasa mgongo. Kisha alitabasamu, akaenda zake. Hakuna aliyewahi kumtukana kwa hilo, maana utamtukanaje mtu ambaye hajasema neno?

Na msidhani alikuwa mtu wa kununa. Wapo wahudumu ambao wakisikia kicheko wanakunja uso utadhani wamechekwa wao. Shusha hakuwa hivyo. Mtoto mchanga akilia, alisema hiyo ndiyo kazi yake, aachwe aifanye. Wimbo wa kumpongeza mtu aliuruhusu, tena aliuitikia mwenyewe akiwa na trei mkononi, ila mara moja tu. Ukianza mara ya pili, mkono ulishuka. Wapenzi wanaogombana aliwaacha wamalize, kwa sababu ukiwanyamazisha hapa, alisema, watakwenda kugombana mahali pasipo na shahidi. Watu waliomshinda ni wale wa kuweka simu mezani na kuzungumza na mtu wa mbali kana kwamba wanamwita ng'ambo ya mto. Hao mkono uliwafikia kabla hawajasema haloo ya pili.

"Kila aliyekaa hapa amekuja na lake," aliwaambia wahudumu wapya. "Huyu amekuja kucheka, yule amekuja kulia polepole. Wewe hakikisha wa kucheka hamzibii wa kulia, na wa kulia hamharibii wa kucheka. Supu inaweza kungoja."

Hekima hiyo hakuipata mkahawani. Kabla ya kubeba trei alikuwa amefanya kazi miaka kumi na moja katika kiwanda cha nguo, kwenye ukumbi wa mashine za kufuma. Anayeujua ukumbi wa namna ile haelezwi. Asiyeujua afikirie mvua ya mawe juu ya paa la bati, isiyokatika tangu asubuhi hadi jioni. Mle ndani hata ukipiga ukelele sikioni mwa jirani yako, hasikii. Basi wanawake wa kiwandani walijifunza kusoma midomo. Mtu alisimama ng'ambo ya mashine sita akakusimulia alivyoamkiwa na mama mkwe wake asubuhi, kwa kuchezesha midomo tu, nawe ukacheka hadi uzi ukakukatikia. Utamu huo ulikuwa na hatari yake, kwa sababu hukuweza kumnong'oneza mmoja bila ukumbi mzima kuona. Ndipo wakajiwekea sheria ambayo haikuandikwa popote: la mdomoni libaki mdomoni. Ukiona maneno ambayo hukuambiwa wewe, yameze. Aliyeivunja alipewa mgongo na ukumbi mzima hadi atubu.

Kiwanda kilifungwa, wanawake wakatawanyika kila mmoja na riziki yake. Shusha akaja mkahawani na vitu viwili kutoka kule. Cha kwanza kilikuwa macho yake, yaliyomwezesha kuchukua oda ya meza ya mbali bila kuinua mguu. Cha pili kilikuwa ile sheria, na aliishika miaka kumi na saba bila kuivunja hata siku moja.

Meza ya pembeni, ile iliyopakana na dirisha la uani, ilikuwa ya fundi bati mmoja mzee na mkewe, kila Alhamisi mchana. Fundi huyo alikuwa amegonga mabati kwa miaka arobaini, akitengeneza ndoo, masanduku na mifereji ya maji ya mvua. Nyundo ilimjengea nyumba, ikamsomeshea watoto, kisha ikamchukulia masikio. Mtaa mzima ulijua kwamba masikio yamekwenda, isipokuwa mwenyewe. Au tuseme alijua, ila hakutaka kuambiwa. Alikuwa amejifunza kutikisa kichwa kama mtu anayekubali. Ukimuuliza habari za asubuhi, anatikisa kichwa. Ukimwambia nyumba yake inaungua, anatikisa kichwa vilevile, kwa heshima zote.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwembamba ambaye hakupata shule na hakujua kuandika zaidi ya namba za vipimo. Alhamisi zao zilianzia kwenye ugomvi. Ujanani wote wawili walikuwa na ndimi kali, nyumba ilikuwa ndogo, na majirani walikuwa na muda mwingi. Siku moja mke akasema, "Kuanzia leo neno zito hatulizungumzii nyumbani. Tutakwenda kukaa kwenye meza ya watu, ambako mtu ataona aibu kupaza sauti." Ikawa hivyo. Mambo yote makubwa ya nyumba ile yaliamuliwa pembeni pale, kati ya chumvi na jagi la maji: watoto wasome wapi, binti aolewe na nani, mama mkwe ahamie kwao au abaki alipo.

Kulikuwa na neno moja tu ambalo halikuwahi kufika mezani, nalo lilikuwa habari ya kijana wao wa kwanza.

Kijana huyo alikuwa akifanya kazi na baba yake karakanani. Miaka saba nyuma, siku yenye wateja wengi, uvumilivu ulimwishia akasema mbele ya watu wote: "Baba, husikii! Mtu anataka ndoo, wewe unamtengenezea sanduku. Kubali tu kwamba wewe ni kiziwi." Wateja wakacheka. Fundi aliweka nyundo chini, akamwonyesha mlango, na tangu siku hiyo akapiga marufuku jina la mtoto huyo kutajwa chini ya paa lake. Kijana naye alikuwa amerithi kichwa kilekile. Alihamia mji mwingine akaapa kwamba hatatia mguu pale hadi baba amwite mwenyewe, kwa kinywa chake. Mafahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi ya nyumba ile ilikuwa mama.

Shusha aliyajua haya yote kwa sababu kila Alhamisi, kabla ya chakula, fundi alikwenda kwenye sinki la nyuma kunawa mikono, na alikuwa mtu wa kunawa kwelikweli, kidole kwa kidole. Dakika hizo wanawake wawili walizitumia. Tena zilikuwa za thamani zaidi baada ya mama kuugua koo. Alipasuliwa, na sauti aliyobaki nayo ilikuwa pumzi tu, ya kunong'ona. Watu wengi walimwinamia, wakamwomba arudie, wakachoka. Kwa Shusha peke yake hakuhitaji sauti. Alichezesha midomo, Shusha akasoma, kama enzi za mashine.

"Dada, ipo siku nitamwambia habari ya mtoto," alisema mama siku moja. "Hapahapa. Lakini huyu mtu na masikio yake, na mimi na koo hili, atanisikia?"

"Siku hiyo nionyeshe mkono tu, mama. Nitaunyamazisha mkahawa wote. Hata sufuria za jikoni zitanyamaza."

Wakacheka wote wawili, mmoja kwa sauti, mwingine kwa pumzi. Tangu hapo kila Alhamisi Shusha alimtazama mama usoni wakati akiweka sahani, na kila Alhamisi mama alichezesha midomo kusema bado.

Alhamisi yenyewe ilipofika, ilimkuta Shusha na mambo yake. Wiki iliyotangulia alikuwa amemshushia mkono bwana mmoja mkubwa wa kuweka simu mezani, bwana akaenda kushtaki kwa meneja, na meneja, kijana wa watu aliyeoa binti wa mwenye mkahawa, akamwita jikoni. "Mama, mteja ni mfalme," akamwambia. Shusha akajibu, "Sawa, mwanangu. Na wafalme wawili wakikutana ukumbi mmoja?" Meneja hakucheka. Alimwambia akishtakiwa tena, watatafutana.

Saa saba mchana, mkahawa ukiwa umejaa, mlango ukafunguliwa wakaingia wanawake tisa kwa mpigo. Wa mbele, mnene, mwenye kilemba chekundu, akaita kwa sauti iliyogonga ukuta ikarudi: "Yuko wapi mwenzetu wa mashine ya kumi na nne?"

Shusha aliangusha kitambaa alichokuwa nacho mkononi. Walikuwa wenzake wa kiwandani. Aliyeita walimwita Kengele tangu zamani, na miaka haikuwa imemziba. Walikuwa wametafutana, wakachanga nauli, wakaja kumshtukiza kazini kwake. Wakakumbatiana, wakalia, wakakaa meza kubwa ya katikati, wakaanza. Na msiwalaumu haraka. Watu wale walizungumza kwa kupiga kelele kwa sababu masikio yao yalibaki kiwandani. Kila mmoja alidhani ananong'ona. Wateja wa meza za jirani waligeuka, wengine wakatabasamu, mmoja akabeba sahani yake akahama. Shusha aliona yote hayo, lakini moyo wake ulikuwa umerudi nyuma miaka ishirini na ulikuwa unacheza.

Fundi bati na mkewe walikuwa wameshaingia. Mama alikuwa amepungua kuliko Alhamisi iliyopita. Gauni alilolishona mwenyewe lilikuwa kama limeazimwa kwa mtu mwingine. Fundi alipokwenda kunawa, Shusha hakuwa pale pembeni. Alikuwa katikati ya ukumbi, anasimuliwa nani ameolewa mara ya pili na nani ameota mvi.

Alipogeuka kuchukua jagi, alikutana na macho ya mama. Fundi alikuwa amerudi, ameketi. Mama akainua mkono wake mwembamba, kiganja chini, akaushusha taratibu mara mbili. Alikuwa ameiga vizuri.

Shusha alielewa. Hawezi kusema hakuelewa, na hajawahi kusema hivyo. Aliiendea meza ya wenzake, akanyoosha kiganja, akakishusha.

"Jamani, tunashushwa!" Kengele akapiga ukelele. "Mwenzetu siku hizi ni polisi!"

Wanawake wote tisa wakanyoosha viganja vyao, wakavishusha kwa pamoja, wakapasuka kucheka hadi vijiko vikalia mezani. Hapo ndipo Shusha alipotakiwa kusimama imara. Alitakiwa kumshika Kengele mkono na kumwambia, dada, nyamazeni dakika mbili, kuna mtu anakufa kule pembeni. Wangenyamaza. Walikuwa watu wema, wangenyamaza na kulia juu yake. Badala yake Shusha akacheka. Mungu amsamehe, alicheka kuliko wote, hadi machozi yakamtoka, na ni kupitia machozi hayo, juu ya bega la Kengele, alipoiona midomo ya mama ikianza kusema.

"Baba watoto," midomo ilisema. "Mwite mwanao. Siku zangu zimekwisha, hospitali wameniambia. Mwite wewe mwenyewe, maana ameapa. Nikimwona tu, nitakwenda kwa amani."

Fundi alitikisa kichwa.

Lakini kichwa kilitikisika mapema. Kilitikisika mama akiwa bado kwenye neno la pili, kabla mtoto hajatajwa, kikaendelea kutikisika hivyohivyo, kwa heshima, hadi mwisho. Shusha aliujua mtikiso ule. Aliishi nao kiwandani miaka kumi na moja. Ni wa mtu ambaye hakusikia na hataki kuuliza.

Mama hakuuona. Miaka saba alikuwa akingoja kichwa kile kitikisike, atakuwaje na nguvu ya kukikagua? Aliishika mikono ya mumewe yote miwili, akaweka paji la uso juu yake, mabega yakamtetemeka. Fundi akampapasa kichwa, akidhani ni maumivu.

Shusha alisimama pale na jagi. Akajipa sababu, na sababu mtu akizitafuta hazikosi. La mdomoni libaki mdomoni. Meneja ameshaonya. Halafu nani atakwenda kumwambia mzee yule kwamba hakusikia? Wa mwisho kumwambia hivyo alikuwa mwanawe wa kumzaa, na tunajua alikoishia. Tena huenda amesikia. Huenda leo masikio yamemhurumia. Kengele akamvuta aproni, "Kaa basi, mwenzetu, hata dakika moja," naye akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba kukaa kwenye meza ya mteja.

Wakati wa kutoka, mama alipita karibu yake ameshikilia mkono wa mumewe. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa msichana. "Asante, dada," midomo ilisema. "Amekubali."

Na Shusha, aliyejua, alitikisa kichwa.

Alhamisi iliyofuata meza ya pembeni ilikaa tupu. Shusha aliilinda, akawaambia watu ina wenyewe. Ya pili ikawa tupu. Ya tatu alikuja jirani mmoja wa mzee kununua mkate, na Shusha akapata habari kwamba mama ameshazikwa. Alikwenda chooni, akafungulia bomba la maji, akalia humo mpaka mhudumu mwenzake akabisha hodi. Aliporudi ukumbini, mwanamume mmoja alikuwa anapiga meza kwa kicheko. Shusha alimtazama tu. Tangu siku ile mkono wake ulikuwa mzito, haukutaka kushuka kwa mtu yeyote. Meneja alidhani amepata adabu, akamsifu.

Alhamisi ya nne fundi bati aliingia peke yake, saa saba na robo, mkahawa umejaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza yake. Hakwenda kunawa mikono.

"Shikamoo, mzee," Shusha alisema karibu na sikio lake. "Pole sana, baba yangu. Pole."

"Marahaba, binti yangu. Sitaki chakula. Nimekuja kukuuliza neno." Alizungumza kwa sauti kubwa kama wote wa aina yake, lakini ukumbi ulikuwa unavuma, watu hawakugeuka. "Wewe na yeye mlikuwa mnaelewana. Nilikuwa nikitoka kunawa nawakuta mnacheka. Niambie, alikuwa akimngoja nani?"

Shusha alianza kupanga upya chumvi na vijiko.

"Aliishi siku kumi na mbili baada ya kutoka hapa. Ile pumzi ya kunong'ona nayo ikaisha siku ya tatu. Kitanda akataka kigeuzwe kiangalie mlango. Mlango ukigongwa anainua kichwa. Jirani akija, anainua kichwa. Muuza mboga akipita, anainua kichwa. Kisha ananitazama mimi, hivi, kama ananiuliza kitu. Namwambia, nini, mama? Maji? Mto? Anafumba macho." Fundi alipangusa meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Siku ya kumi na moja akageukia ukutani. Mlango ukagongwa, hakuinua tena. Binti yangu, nimekaa naye miaka arobaini na tatu. Sijawahi kumwona akikata tamaa ya kitu. Alimkatia tamaa nani?"

Kisha akaongeza, kana kwamba ni jambo jingine kabisa, "Yule naye alikuja makaburini. Hakuna aliyemwita, alisikia kwa watu. Alisimama nyuma kabisa, akaondoka kabla ya wengine. Hakunitazama."

Shusha alivuta kiti, akakaa mbele yake, mahali pa mama. Angeweza kusema sijui, mzee. Angeweza kusema alikuwa akingoja kifo chake, kama wote. Mzee angekwenda nyumbani na kidonda anachokijua tayari. Lakini alimfikiria yule kijana aliyesimama nyuma kabisa makaburini, ambaye atazeeka akiamini mama yake alikufa bila kumuulizia. Sheria ya kiwandani ilitungwa kwa ajili ya masengenyo. Haikutungwa kwa ajili ya hili, na laiti angeliona hilo mwezi mmoja nyuma.

"Alikuwa akimngoja mwanawe," akasema. "Alikuomba umwite. Hapa, siku ile ya mwisho."

Fundi alitikisa kichwa.

Alitikisa mapema, Shusha akiwa bado hajamaliza, kwa heshima zote. Macho yake yalikuwa kwenye midomo yake, yamejaa subira na hayana kitu. Na hapo, ndugu zangu, shetani alimwonyesha Shusha mlango ulio wazi. Ameshasema. Mzee ametikisa kichwa. Nani atamshika na kosa tena? Anaweza kunyanyuka akachukua oda ya watu wa meza ya tatu, ambao wameshaanza kumpungia mkono.

Shusha alinyanyuka. Akajaza kifua pumzi, na sauti ambayo hakuwahi kuitumia mkahawani ikatoka yote.

"Alikuomba umwite mwanao! Hapa! Ulitikisa kichwa lakini hukusikia!"

Vijiko vilisimama. Mtu mmoja aliyekuwa akizungumza kwa simu aliiweka chini. Meneja alitoka jikoni kwa haraka, akaona uso wa Shusha, akarudi alikotoka na kuufunga mlango taratibu. Ukumbi ulinyamaza wote, na hata sufuria za jikoni zikanyamaza.

Fundi bati hakutikisa kichwa. Alikaa mdomo ukiwa wazi kidogo.

"Siku ile?" akauliza.

"Siku ile. Kulikuwa na kelele. Zilikuwa za wenzangu, mzee, na zangu. Alinionyesha mkono niwanyamazishe, mimi nikacheka. Nilimwahidi, nikacheka."

"Na mimi nikatikisa kichwa."

"Ulitikisa."

"Akaniona."

"Alikuona. Alipotoka aliniambia, amekubali."

Mzee aliitazama mikono yake juu ya meza, ile ambayo mama aliilalia. Watu wakaona neno likimshukia polepole, kama mtu anayesomewa barua ya mbali.

"Basi alijua nimemwita," akasema. "Siku zote zile anatazama mlango, anajua nimemwita. Na siku aliyogeukia ukuta..." Akaanza upya. "Alijua nimemwita, na mtoto amekataa. Amekufa akijua mwanawe amekataa kuja kumwona."

Kuna maneno ambayo hata mtu mwenye huruma hana pa kuyashika. Majuto ni mjukuu, husemwa, huja kinyume. Lakini mjukuu unaweza kumbeba, na jambo hili halikubebeka. Shusha alilia waziwazi, aproni usoni, mbele ya wateja wake wa miaka kumi na saba.

Fundi aliingiza mkono mfukoni akatoa simu ndogo, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa kilichopindwa vizuri kwa cherehani. Ilikuwa ya mkewe. Namba ya kwanza kabisa haikuwa na jina, ila alama ya nyota. Alikuwa ameikuta baada ya mazishi, na hakuhitaji kuambiwa ni ya nani.

"Piga wewe," akasema. "Mimi simu siwezi." Kisha akatazama watu waliomzunguka, meza hadi meza, wale waliokuwa wakimjua na wasiomjua, na akasema kile ambacho miaka saba hakukikubali: "Mimi sisikii. Ni kiziwi."

Hakuna aliyecheka.

Shusha akabonyeza ile nyota. Ikaita kwa muda mrefu. Halafu upande wa pili ukapokewa, na sauti ya mwanamume ikasema, kama mtu anayejua kwamba anajidanganya, "Mama?"

"Si mama, mwanangu," Shusha akasema. "Ni mimi, mhudumu wa mkahawani walikokuwa wakija kula. Niko na baba yako."

"Mwambie mama yake aliniomba nimwite," fundi akasema. "Mwambie nilitikisa kichwa, sikusikia. Mwambie alivyosema kule karakanani ni kweli. Mwambie nasema mimi, kwa kinywa changu."

Shusha akamwambia yote, neno kwa neno, bila kupunguza, hata la mama kutazama mlango, hata la kicheko chake mwenyewe. La kugeukia ukuta alitaka kulificha, lakini mzee alikuwa akiisoma midomo yake kwa macho makali, kama mwanafunzi aliyechelewa shule, naye akalisema pia. Alipomaliza akasubiri, simu sikioni. Ukumbini hakuna aliyeshika kijiko. Mtoto mmoja aliuliza kitu, mama yake akamfunika mdomo kwa upole.

"Anasemaje?" fundi akauliza.

"Analia," Shusha akasema, kwa sauti yake ya kawaida, ile ndogo ya kazini, na katika kimya kile mzee alimsikia.